Nikabu: nani auone uso, wapi, na kwa haja gani?

Kila baada ya miezi kadhaa mjadala huu hurudi barazani. Huanza na kisa kidogo: msichana amezuiwa langoni mwa chuo, mama ameambiwa afunue uso mbele ya foleni nzima ya benki, au redio imetangaza kuwa nchi nyingine ya Ulaya imepitisha sheria. Kabla ya kahawa kupoa, watu wamegawanyika. Upande mmoja wasema nikabu ni wajibu wa dini, na anayeigusa ameugusa Uislamu. Upande wa pili wasema si dini hata kidogo, ni mila ya Waarabu, na siku hizi imekuwa maficho ya wahalifu. Anayevaa mwenyewe huwa hayupo barazani, wala haulizwi.

Tuanze na majina ya nguo, kwa sababu nusu ya ugomvi hutokana na kuyachanganya. Hijabu, au mtandio kwa lugha ya kila siku, hufunika nywele na shingo na kuacha uso wazi. Buibui ni vazi la juu, jeusi mara nyingi, la kufunika mwili. Nikabu ndiyo inayofunika uso na kuacha macho. Vijana wa Mombasa na Lamu waliipa jina la "ninja", na jina hilo limeganda hata kwa wanaoivaa. Burka ya Afghanistan, yenye wavu mbele ya macho, ni vazi jingine kabisa ambalo si vazi la pwani hii, ijapokuwa magazeti ya Ulaya huita kila kitu burka. Ukisikia mahali fulani "hijabu imepigwa marufuku", uliza kwanza ni nguo ipi inayosemwa.

Neno barakoa nalo lina kisa chake. Asili yake ni Kiarabu, na zamani lilimaanisha kinyago cha kitambaa kilichovaliwa na wanawake wa nasaba ya Kiomani kule Unguja. Salme binti Said, mtoto wa Sayyid Said wa Zanzibar, ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, alikitaja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Korona ilipoingia mwaka 2020, redio na televisheni zililifufua neno hilo kwa maana ya kitambaa cha kuziba mdomo na pua, na kuanzia Aprili mwaka huo serikali ya Kenya ikamlazimisha kila mtu kukivaa katika maeneo ya umma. Kwa muda mrefu benki, matatu na afisi zilijaa watu wasioonekana nyuso, na shughuli ziliendelea. Ufaransa ilichekesha zaidi: iliwalazimisha watu kuziba nyuso ndani ya treni na mabasi kuanzia Mei 2020, huku sheria yake ya kuwatoza faini wanaofunika uso ikiendelea kufanya kazi.

Shiraa, buibui na ninja

Wako wanaodhani kufunika uso kuliletwa juzi na vijana waliosoma Madina. Wako pia wanaodhani bibi zetu wote walijifunika tangu jadi. Historia haimpi ushindi yeyote kati yao.

Katika Lamu ya karne ya 19, mwanamke wa kiungwana hakutoka nje ovyo. Alipotoka, alitembea ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa lililoshikiliwa na watumwa, naye yumo ndani haonekani hata umbo. Mjakazi aliyeishika shiraa alikuwa nje, uso wazi. Kujifunika hakukuwa kwake. Kwa maneno mengine, uso uliofunikwa ulikuwa alama ya uungwana na ukoo, na uso ulio wazi ulikuwa alama ya utumwa au ya ufukara. Swali la zama zile halikuwa kama mwanamke alazimishwe kujifunika. Lilikuwa ni nani anayeruhusiwa.

Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, shiraa ilikosa wa kuibeba. Hapo ndipo buibui liliposhika. Lilienea miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na wanawake waliotoka utumwani pamoja na mabinti zao walilipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu lilifuta tofauti iliyokuwa ikionekana njiani. Aliyeweza kununua kitambaa cheusi aliweza kupita mjini bila mtu kumjua ni wa nyumba gani. Wanahistoria Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, na Laura Fair, aliyeandika juu ya Unguja, wameyaeleza mabadiliko ya wakati huo kwa kirefu. Yafaa kukumbukwa na wale wanaosema kila vazi la kujifunika ni kifungo: kwa mabibi wengi wa pwani, buibui la kwanza lilikuwa ni cheti cha uhuru.

Buibui hilo la zamani, lile la kufungwa kwa kamba kichwani, lilikuwa na hekima yake. Mwanamke aliweza kulivuta likafunika uso anapopita mbele ya baraza la wanaume, na kuliachia anapoingia kichochoroni kwa jirani yake. Uso ulifunikwa na kufunuliwa mara nyingi kwa siku moja, kwa kutazama ni nani aliye mbele. Nikabu ya kushonwa, inayofungwa nyuma ya kichwa na kukaa hivyo siku nzima, ilienea baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980 na 1990, pamoja na buibui la koti kutoka Ghuba, wanafunzi waliorudi kutoka vyuo vya Saudia, na wanawake wetu waliokwenda kufanya kazi huko. Leo katika nyumba moja utamkuta bibi wa leso, mama wa buibui na mtandio, na binti wa nikabu, na mara nyingine ni binti ndiye anayemhimiza mama.

Wanazuoni hawakuafikiana

Aya zinazotegemewa ni mbili hasa: ya 31 ya Surat An-Nur na ya 59 ya Surat Al-Ahzab. Ya kwanza yawataka waumini wanawake wasionyeshe mapambo yao ila yale yanayodhihirika. Ni yapi hayo yanayodhihirika? Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa ni uso na viganja, na imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud kuwa ni nguo za nje. Masahaba wawili wakubwa, maelezo mawili. Mgawanyiko wa leo ulianzia hapo.

Hanafi na Maliki kwa jumla husema uso si uchi, ijapokuwa wengi wao huongeza kuwa ufunikwe pakihofiwa fitina. Kwa Hanbali kauli mashuhuri ni kali zaidi. Shafi'i, madhehebu ya wengi pwani hii, yana kauli zaidi ya moja: ndani ya Swala uso na viganja huwa wazi, lakini mbele ya mwanamume asiye maharimu kuna wanaosema ufunikwe na kuna wanaosema si lazima. Ikhtilafu hii haikuishia kwenye vitabu vya kale. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin wa Saudia walisema kufunika uso ni wajibu. Sheikh Nasiruddin al-Albani, ambaye hakuna atakayemtuhumu kuwa alipenda mambo ya Ulaya, aliandika kitabu kizima kuonyesha kuwa si wajibu bali ni jambo zuri kwa anayelitaka. Mwaka 2009 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi wa Al-Azhar alikwenda mbali zaidi: alimtaka mwanafunzi wa kike avue nikabu darasani na kusema ni ada, si ibada. Alilaumiwa sana, na kwa maoni yangu kwa haki, kwani kuifanya nikabu kuwa si kitu chochote katika dini ni kuwafuta wanazuoni wengi kwa kalamu moja. Lakini anayesema ni wajibu kwa ijimai naye anawafuta wengine.

Hija nayo huingia katika mjadala. Katika hadithi ya Ibn Umar iliyo ndani ya Bukhari, mwanamke aliyehirimia anakatazwa kuvaa nikabu na glavu. Wanaosema uso si uchi huishika hadithi hii: ingekuwa wajibu, isingekatazwa mahali patakatifu kuliko pote, katikati ya maelfu ya wanaume. Wanaosema ni wajibu hujibu kuwa katazo lenyewe ni ushahidi kuwa wanawake wa zama za Mtume walikuwa wakiivaa siku nyingine, na kwamba aliyehirimia aweza kuteremsha ukaya wa shela yake bila kufunga nikabu. Hoja zote mbili zina uzito, na mtu wa kawaida hana haja ya kuzimaliza yeye.

Kuna ukurasa mwingine, hata hivyo, ambao barazani hausomwi. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za madhehebu yetu, aliandika katika mlango wa ndoa kuwa ni haramu kuutazama uso wa mwanamke wa kando hata pasipo na hofu ya fitina. Kauli kali, na watetezi wa nikabu huitaja mara kwa mara. Katika mlango huohuo aliruhusu kutazama kwa ajili ya matibabu, na kwa ajili ya muamala, ushahidi, mafunzo na mfano wa hayo, kwa kadiri ya haja. Mchumba naye aruhusiwa kumtazama uso na viganja anayetaka kumposa. Maana yake ni kwamba hata kwa wale walioshikilia kauli ngumu kabisa, uso wa mwanamke haukuwa siri isiyofunuliwa kamwe. Ulikuwa na mahali pake pa kuonekana: mbele ya kadhi, mbele ya tabibu, mbele ya anayenunua na kuuza kwa deni. Nani auone, wapi, na kwa haja gani? Hayo ndiyo maswali ya fiqhi, na ukiyatazama vizuri ndiyo maswali ya sheria ya nchi pia.

Hofu ya mabomu

Hoja ya usalama isidharauliwe. Sisi wa Mombasa twajua. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliovaa mabuibui waliingia katika kituo kikuu cha polisi mjini wakisema wamekuja kuripoti simu iliyoibwa. Mmoja alitoa kisu, mwingine akarusha bomu la petroli, na wote watatu wakapigwa risasi na kufa. Baadaye maswali mengi yaliulizwa kuhusu jinsi walivyouawa, lakini athari yake kwa wanawake wengine ilikuja papo hapo: mwenye buibui na nikabu akawa wa kutazamwa kwa jicho la pembeni katika kila lango.

Ila kisu hakifichwi usoni. Hatari siku ile ilikuwa ndani ya nguo, na kilichohitajika ni upekuzi wa mlangoni. Uso wazi usingesema lolote. Tukumbuke pia kuwa walioshambulia Westgate mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 na hoteli ya Riverside jijini Nairobi mwaka 2019 walikuwa wanaume, na hawakuvaa nikabu.

Chad ndiyo mfano wa kujifunza. Juni 2015, baada ya milipuko iliyoua watu zaidi ya 30 mjini N'Djamena, serikali ilipiga marufuku nchi nzima vazi lolote linaloacha macho pekee. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Julai, mwanamume aliyejivika vazi la kike la kufunika uso alijilipua kwenye lango la soko kuu la mji huohuo na kuua watu zaidi ya kumi. Marufuku haikumzuia. Wanaoitetea nao wana la kusema: alijilipua langoni kwa sababu polisi walimsimamisha wampekue, na angeingia ndani wangekufa wengi zaidi. Ni kweli. Lakini kilichomsimamisha ni upekuzi, na upekuzi hauhitaji sheria ya kumvua nikabu kila mwanamke wa nchi.

Cameroon ilifuata njia hiyohiyo Julai 2015 katika jimbo la Kaskazini ya Mbali, baada ya walipuaji waliojifunika kushambulia mji wa Fotokol. Siku chache baadaye Maroua, makao makuu ya jimbo hilo, ilishambuliwa na mabinti wadogo. Sri Lanka nayo ilikataza kufunika uso wiki moja baada ya mashambulizi ya Pasaka ya Aprili 2019, ijapokuwa picha za kamera zilionyesha wanaume wenye mikoba mgongoni, nyuso wazi. Hapo ni vigumu kuona sheria iliujibu mlipuko gani.

Tena wahalifu wanaume wametumia vazi hili kutoroka, hilo nalo si uzushi. Julai 2007 sheikh wa Msikiti Mwekundu wa Islamabad alikamatwa akijaribu kutoka kwenye mzingiro akiwa ndani ya burka. Aliyemtambua ni polisi aliyesimama langoni akikagua waliokuwa wakitoka.

Ulaya: sheria nyingi kwa watu wachache

Ufaransa ilipitisha sheria yake Oktoba 2010 na kuanza kuitekeleza Aprili 2011. Anayefunika uso mahali pa umma hutozwa faini ya hadi euro 150. Anayemlazimisha mwanamke ajifunike aweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 30,000. Wakati wa mjadala, wizara ya mambo ya ndani yenyewe ilikadiria kuwa waliovaa nikabu nchini humo hawafiki 2,000, katika Waislamu wa mamilioni. Ubelgiji ilifuata mwaka 2011, Austria 2017, Denmark 2018. Uholanzi mwaka 2019 ilikataza katika shule, hospitali, usafiri wa umma na majengo ya serikali pekee. Uswisi ilipiga kura ya maoni Machi 2021, asilimia 51.2 wakakubali, na sheria ikaanza Januari 2025. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lucerne walikuwa wamekadiria wavaaji wa nikabu nchini humo kuwa kati ya 21 na 37. Nchi nzima iliingia kwenye masanduku ya kura kwa ajili ya wanawake wanaoweza kutoshea ndani ya matatu mbili!

Kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwanamke wa Ufaransa aliyejulikana kwa herufi za S.A.S. tu. Alisema huvaa nikabu kwa hiari yake, si kila siku, na yuko tayari kuonyesha uso anapotakiwa kuthibitisha yeye ni nani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua Julai 2014 kwa kura 15 dhidi ya 2 kuwa Ufaransa haikuvunja haki zake. Wengi huishia hapo wanaposimulia. Lakini mahakama hiyo haikukubali kuwa usalama unatosha kuhalalisha marufuku ya kila mahali, maana kuonyesha uso panapokuwa na haja kungetosha. Haikukubali pia hoja ya kuwalinda wanawake dhidi ya jambo ambalo wao wenyewe wanalitetea. Iliyopita ni hoja moja: kwamba jamii ya Wafaransa ina haki ya kuchagua namna ya kuishi pamoja, nyuso zikionana. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitazama malalamishi ya wanawake wengine wawili na kufikia uamuzi wa kinyume, ikionya kuwa marufuku yaweza kuwafungia wanawake hao majumbani badala ya kuwalinda.

Nchi za Waislamu nazo zina marufuku zake. Tunisia ilikataza nikabu katika afisi za serikali mwaka 2019, na Misri ikaikataza mashuleni mwaka 2023. Upande wa pili wa sarafu ni Afghanistan, ambako Mei 2022 Taliban waliamuru wanawake wafunike nyuso hadharani, na adhabu ikawekwa kwa waume na baba zao. Mtu akilia kwa ajili ya dada wa Paris na kumnyamazia wa Kabul, au kinyume chake, ajiulize kama anachokitetea ni haki ya mwanamke au ni upande wake yeye katika ubishi. Polisi wa huku avua, polisi wa kule avisha, na mwenye uso hajaulizwa.

Chumba, pazia na afisa wa kike

Njia ya kati ipo, na imejaribiwa. Canada mwaka 2011 iliagiza kuwa anayekula kiapo cha uraia lazima afunue uso. Mwanamke mmoja aliyetoka Pakistan alikataa kufanya hivyo mbele ya ukumbi mzima, lakini alikubali kufunua mbele ya afisa wa kike kabla ya kiapo ili ahakikiwe. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilimpa haki Septemba 2015, na mwezi uliofuata akaapa na nikabu yake. Kwa London, mwaka 2013 Jaji Peter Murphy wa mahakama ya Blackfriars alikuwa na mshtakiwa mwenye nikabu. Askari wa kike alimtambua ndani ya chumba cha faragha na kuapa mbele ya mahakama kuwa ndiye. Jaji akaamua kuwa aweza kukaa na nikabu wakati wa kesi, lakini akitoa ushahidi afunue, kukiwa na pazia la kumkinga na macho ya umma, ili jaji, mawakili na raia wanaoamua kesi waone uso wake anapojibu. Nawawi angeuelewa uamuzi huo bila shida: ni ushahidi, ni haja, ni kwa kadiri yake.

Kuna mahali ambapo mpango huu hautoshi. Mwalimu wa chekechea anayefundisha kutamka herufi anahitaji kuonwa mdomo na watoto, na mbele ya watoto wadogo fiqhi haina tatizo naye. Daktari wa dharura hawezi kusubiri mwenzake wa kike atoke kaunti nyingine. Chumba cha mtihani kinahitaji uhakika kuwa aliyekaa ndiye aliyesajiliwa, na uhakika huo unapatikana kwa msimamizi wa kike dakika chache kabla ya karatasi kugawiwa. Kamera ya mashine ya kutolea pesa nayo haiwezi kuondoka ikaingia faraghani. Hapo benki ina hoja. Kwa upande wetu pia kuna wanaozidisha: akiwekewa karani wa kike na pazia, mume au kaka bado asimama mlangoni na kusema hapana. Huyo hana kitabu cha kutegemea. Anatetea amri yake tu.

Kenya inasimama wapi

Hakuna sheria ya Bunge inayopiga marufuku nikabu nchini, wala inayoilazimisha. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa dini na wa kuidhihirisha kwa ibada, mafundisho na matendo, na yakataza mtu kunyimwa ajira, huduma au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 24 nacho chasema haki yaweza kuwekewa mpaka, ila mpaka huo uwe wa sheria, wa busara, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo uti wa suala lote. Kama afisa wa kike na chumba vyaweza kutimiza haja ya kumtambua mtu, ni vigumu kwa afisi kueleza kwa nini ililazimu afunuliwe mbele ya foleni.

Kesi iliyokaribia zaidi jambo hili ilihusu hijabu, uso haukuwamo. Wasichana Waislamu wa shule ya upili ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, walitaka kuvaa mtandio na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikawapa haki Septemba 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Magazeti yaliandika kuwa hijabu imepigwa marufuku. Sivyo. Majaji walisema madai yaliletwa kwa njia isiyo sahihi ya kisheria, kwamba suala lenyewe ni zito, na anayetaka alianzishe upya Mahakama Kuu kwa utaratibu wake. Pia waliitaka shule ikae na wazazi na wizara kuhusu kanuni za sare. Kiini kikabaki bila kuamuliwa, na kwa nikabu ni hivyo zaidi.

Kwa sasa, basi, mengi yako mikononi mwa karani, mlinzi na mwalimu mkuu. Picha ya kitambulisho na ya pasipoti lazima ionyeshe uso, na hilo halina mjadala; kinachoweza kuombwa ni mpiga picha wa kike au kupigwa picha faraghani. Siku ya kura, vifaa vya tume ya uchaguzi humtambua mpiga kura kwa alama za vidole, kwa hivyo mara nyingi uso hauhitajiki mbele ya foleni. Kwa upekuzi, Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 27, imekuwepo tangu zamani: mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga sitara. Haikuandikwa kwa ajili ya Waislamu. Mlinzi wa kiume anayemtaka mwanamke ajifunue langoni apekuliwe hana ruhusa hiyo, awe ni wa duka kubwa au wa afisi ya kaunti.

Anayezuiwa na aombe kwa upole afisa wa kike na mahali pa faragha, na aseme wazi kuwa hakatai kutambuliwa. Maneno hayo huondoa nusu ya ubishi. Akikataliwa, aombe jina la afisa na sababu kwa maandishi. Malalamishi hupokewa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na kuyawasilisha hakuhitaji wakili. Afisi nazo, hasa vituo vya Huduma, hospitali za kaunti na benki za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, hazihitaji kusubiri kesi: mfanyakazi mmoja wa kike katika kila zamu, na pazia lililotundikwa kwenye pembe moja ya chumba.